Binti Akiomba Kuvuka Maji Kwenda Kuwaona Waimbaji wa Korea



Juma hili tunazungumza juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu polepole, kupitia simu. Watoto wetu wanaimba Kikorea. Maana ya maneno mengi hawaijui, lakini kila hatua ya densi wanaijua, na majina ya waimbaji wa Seoul wanayakumbuka kuliko majina ya wajomba zao. Muziki huo unaitwa K-pop. Kwa sasa wanautazama kwenye simu tu. Lakini mtoto anayependa muziki, siku moja ataomba kwenda kuusikia kwa masikio yake, na pengine muziki huo utakuwa ng'ambo ya maji. Siku hiyo tutamjibu nini?

Tumeona vema kuwatazama wenzetu ambao wameishi na swali hili kwa miaka mingi: familia za Ufilipino. Nchi hiyo ya Asia ina visiwa 7,641. Wengi wa watu wake ni Wakatoliki, wanapenda kuimba, wanawaheshimu wakubwa, na wamama wengi wanategemeza nyumba kwa biashara ndogo, kama sisi. Na K-pop wanaiona kama mali yao pia. Sandara Park, Mkorea aliyekulia kwao, alianza kujulikana katika mashindano ya televisheni ya Ufilipino mwaka 2004, kabla ya kurudi Korea na kuimba katika kundi la 2NE1. Anaongea lugha yao. Kwa mabinti wa kule, yeye ni kama dada yao aliyefaulu ugenini.

Muziki uko kwenye kisiwa kingine

Makundi ya Korea yakifika Ufilipino, kwa kawaida yanaimba Manila au karibu na Manila, kwenye kisiwa kikubwa cha Luzon. Kuna jumba la Mall of Asia Arena, kando ya bahari. Kuna Araneta Coliseum, mahali ambapo Muhammad Ali alipigana na Joe Frazier tarehe 1 Oktoba 1975, hata mwaka haujatimia tangu alipomshinda George Foreman kwetu Kinshasa. Na kuna Philippine Arena, jumba lenye viti 55,000 lililojengwa na kanisa moja la kule na kufunguliwa mwaka 2014. Humo ndimo kundi la BLACKPINK, wasichana wanne, liliimba siku mbili mfululizo, tarehe 25 na 26 Machi 2023.

Sasa mfikirie binti anayekaa Cebu, au Iloilo, au Davao. Miji hiyo iko kwenye visiwa vingine. Kutoka Cebu hadi Manila, ndege inatumia saa moja na nusu hivi. Meli inatumia karibu mchana na usiku mzima, na abiria wa bei ya chini wanalala kwenye vitanda vya kupandana, safu kwa safu, watu wasiojuana. Mzazi anayebaki nyumbani analala macho.

Kwa hiyo familia za kule zimelazimika kujifunza. Hatusemi kwamba wote wanafanya vizuri. Tunasema kuna mambo matatu ambayo wamama wa Kongo wanaweza kuyatazama: pesa, maji, na usiku.

Pesa: wao pia wana likelemba

Tiketi ya onyesho si gharama ya mwisho. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, basi la kufika uwanjani, chakula, na zile taa za mkononi ambazo kila kundi lina ya kwake na mashabiki wanaziinua gizani. Binti akitaja bei ya tiketi peke yake, bado hajasema nusu ya habari.

Wafilipino wana kitu wanachokiita paluwagan. Watu kumi, kwa mfano, wanachanga kiasi kilekile kila juma au kila mwezi, na kila mara mmoja anapokea chote. Wamama, mmeshakitambua: ni likelemba yetu. Mashabiki wa K-pop wengi wanaweka akiba kwa njia ya namna hiyo, au wanatia sarafu ndani ya kopo miezi mingi kabla. Mwanafunzi anakata pesa ya vitafunio. Mwingine anauza keki, mwingine anatengeneza bangili za shanga.

Jambo hili tunalipenda, na tunaeleza kwa nini. Binti aliyeweka akiba miezi minane amejifunza kitu hata kama onyesho likifutwa. Lakini tuseme pia upande wa pili. Wamama na wababa wengi wa Ufilipino wanafanya kazi nchi za mbali, katika nyumba za watu huko Hong Kong na nchi za Ghuba, katika hospitali na katika meli. Pesa wanayoituma ni ya karo, ya dawa, ya kutengeneza paa. Mtoto akiigeuza kuwa tiketi kwa siri, anaimba kwa jasho la mama yake. Hapo si K-pop iliyokosea. Waliokosea ni nyumba ambayo hesabu zake hazizungumzwi mezani.

Na kuna wezi. Tiketi za makundi makubwa huisha haraka sana, na baada ya hapo watu wanajitokeza kwenye simu wakisema, "Ninayo moja, nitumie pesa sasa hivi." Kule wanatuma kwa GCash, kama sisi tunavyotuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Pesa ikienda, namba inazimwa. Mashabiki waliozoea wana kanuni rahisi: nunua kwa muuzaji anayejulikana, usimtumie pesa mtu ambaye hujamwona, na anayekuharakisha mwogope. Kanuni hiyo inafaa hata kwa anayenunua simu au kulipia chumba cha kupanga hapa kwetu.

Maji: jina liwe kwenye orodha

Wafilipino wana kidonda kuhusu meli. Tarehe 20 Desemba 1987, siku tano kabla ya Noeli, meli ya Doña Paz ilikuwa inatoka kisiwa cha Leyte kwenda Manila. Usiku iligongana na meli iliyobeba mafuta, moto ukawaka juu ya maji. Orodha ya abiria ilikuwa na majina karibu 1,500. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 4,000. Waliookoka ni 26. Maelfu ya watu walikuwa ndani ya meli ile bila jina lao kuandikwa popote, na familia nyingi hazikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba mtoto wao alipanda.

Siku hizi, dhoruba ikitangazwa Ufilipino, walinzi wa pwani wanazuia meli kuondoka bandarini, hata kama abiria wanalia kwamba onyesho ni kesho. Mashabiki wenye akili wanasafiri siku mbili au tatu mapema, kwa sababu wanajua bahari haina haraka yao.

Tunapoandika maneno haya hatufikirii Ufilipino peke yake. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Vita ilikuwa imefunga barabara, na wengi walipita ziwani kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Wengi waliokufa walikuwa wametoka kutafuta chakula cha nyumba. Ziwa Kivu halimuulizi mtu kama anakwenda sokoni, kanisani au kwenye muziki.

Ndiyo maana tunasema neno hili kwa uzito. Binti anayeondoka nyumbani kwa kujificha, jina lake halimo katika orodha yoyote. Baba hajui boti gani. Mama hajui saa gani. Rafiki anayejua ameapishwa kunyamaza. Tukimkatalia binti bila kumsikiliza, pengine hatumzuii kuvuka. Tunamfanya avuke bila jina.

Usiku: nani yuko naye saa sita?

Philippine Arena iko kiasi cha kilometa 30 kaskazini ya Manila, na hakuna treni inayofika mlangoni. Onyesho linakwisha usiku, watu makumi ya maelfu wanatoka pamoja, magari yanakwama kwa saa nyingi. Binti wa Cebu anajikuta barabarani usiku wa manane, katika jimbo asilolijua, simu imebaki na moto kidogo.

Mashabiki wa kule wamepata dawa yao. Wanakodi basi dogo pamoja, kwenda na kurudi, na dereva wanamwekea ahadi kabla. Wanalala chumba kimoja wasichana watatu au wanne. Na katika kila kundi wanatafuta ate. Ate kwa Kifilipino ni dada mkubwa; wanamwita hivyo hata asiye wa tumbo moja nao, kwa heshima. Ate ndiye anayeshika orodha ya majina na namba za wazazi, anayehesabu watu kabla basi halijaondoka, anayejua nani ana pumu na nani hajala. Mara nyingine huyo ate ni mwanamke wa miaka arobaini anayependa muziki uleule, na hana haya kusema hivyo.

Hapa tunawageukia wamama vijana na mashangazi. Kazi ya ate inaweza kuwa yenu. Si lazima upende muziki. Inatosha umpende mtoto.

Kwa nini wanakwenda?

Mzazi anaweza kuuliza: taabu yote hiyo, kwa saa mbili za kelele? Tusiharakishe kucheka. Sisi tulivuka mji mzima kwa miguu kuona orkestra, na wengi wetu tunakumbuka tulivaa nini siku ile. Kuanzia mwaka 2014 vijana wa Kivu walikwenda Goma kwa Festival Amani, wakaimba na watu ambao waliambiwa ni maadui. Muziki unaosikilizwa pamoja na maelfu si sawa na muziki wa simu.

Huko Ufilipino, mashabiki wanakuja na zawadi ndogo walizotengeneza wenyewe, picha, peremende, vitambaa vyenye maandishi, wanawagawia wasiowajua. Msichana mwenye haya, ambaye shuleni hana rafiki, anarudi na marafiki kumi wa visiwa vitano. Na mashabiki hao wanaweza kufanya mambo makubwa: mwaka 2020, kundi la BTS lilipotoa dola milioni 1 kusaidia wanaotetea haki za watu Weusi Marekani, mashabiki wao duniani walichanga kiasi hicho hicho kwa muda mfupi. Mabinti wetu pia wanaona kwamba mlango haujafungwa kwao. Fatou, aliyezaliwa Senegal na kukulia Ubelgiji, alianza kuimba Kikorea katika kundi la BLACKSWAN mwaka 2020.

Hatusemi kila anayeomba apewe. Kuna mwaka wa karo, kuna mwaka wa ugonjwa, kuna siku ambapo barabara na ziwa havina usalama, na hapo jibu ni hapana. Lakini hapana hiyo iwe na sababu, na isemwe kwa heshima, ili mtoto arudi kuomba tena mwaka ujao badala ya kutoroka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujibu

Awe anataka kwenda Manila, au kutoka Idjwi kwenda Bukavu kuona mashindano ya densi, maswali ni yaleyale. Kaeni pamoja, mchukue karatasi.

Gharama yote ni kiasi gani, kwenda, kukaa na kurudi, na kila franka inatoka wapi?

Tiketi imenunuliwa kwa nani, na muuzaji huyo anapatikana wapi?

Boti gani, saa gani? Je, ina majile ya kuokolea ya kutosha, na jina lake limeandikwa? Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, je, binti ana ruhusa yenu na pesa ya kungoja ile ya kesho? Hili mwambieni waziwazi: hatagombezwa kwa kuchelewa.

Nani ni dada mkubwa wa safari, na mmeongea naye ninyi wenyewe?

Onyesho likiisha, atalala wapi, na atapiga simu saa ngapi?

Binti akiweza kujibu maswali haya matano bila kudanganya, ameshaonyesha kwamba amekua. Akishindwa mawili au matatu, msaidieni kutafuta majibu kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Wamama, someni ukurasa huu pamoja na binti zenu. Mwaweza pia kuwaomba wawaonyeshe wimbo mmoja wanaoupenda, na muusikilize mpaka mwisho. Aliye na neno la kuongeza, au aliyewahi kuwasindikiza vijana ziwani, alilete katika mkutano wetu wa juma lijalo.