Fahamu: Kwa nini mabomba hupasuka wakati wa baridi kali

Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas, Marekani. Umeme ulikatika kwa mamilioni ya watu, na mabomba ya maji yakapasuka majumbani. Nyumba nyingi huko zimejengwa kukabili joto. Mabomba mengine hupita darini, ambako baridi hupenya kirahisi.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ajabu ni kwamba mara nyingi bomba halipasukii penye barafu: barafu huyabana maji yaliyo kati yake na koki iliyofungwa, shinikizo hupanda, na bomba huachia palipo dhaifu. Ndiyo maana usiku koki huachwa idondoshe maji kidogo kidogo.

Kabla ya msimu wa baridi, mabomba huvishwa sponji, nyufa za madirisha huzibwa. Na hata mpangaji ajue koki kuu ilipo ili aifunge bomba likipasuka, kwani mafuriko huanza barafu ikiyeyuka.