Mto Zigi na Jirani Tusiyemwona



Unga ukiletwa nyumbani, mama huuliza umetoka shamba gani. Samaki akiletwa, hutazamwa macho na mashavu yake. Lakini maji hutiwa mtungini, wala hapana aulizaye yametoka wapi, yamepita kwa nani, na nani aliyeyatunza njiani. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwaelezeni habari za mto mmoja, tangu chanzo chake hata bomba lake, na habari za watu waliopatana kuutunza. Habari hizi zaifaa kila nyumba iliyo na mto karibu, maana yaliyoupata mto huu yaweza kuipata mito yenu.

MTO WENYEWE

Mto Zigi watoka katika milima ya Usambara ya Mashariki, pande za Amani, wilaya ya Muheza, katika mkoa wa Tanga. Huko juu mvua ni nyingi na msitu ni wa zamani sana. Ndani yake mna miti, maua na vyura ambao wengine hawapatikani po pote duniani ila katika milima hiyo. Wadachi waliweka Amani chuo cha kuchunguza mimea mwaka 1902, na mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitenga msitu huo kuwa hifadhi. Mto washuka milimani, wapokea mto Kihuhwi na vijito vingi, wapita katikati ya mashamba ya watu, hata wafika Mabayani. Hapo lilijengwa bwawa mwaka 1978, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanywewayo Tanga mjini. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 390,000.

Mtu wa Tanga aweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa pasipo kupanda Amani hata mara moja. Walakini tangu maji ya ubatizo wake hata maji ya kuoshea maiti yake, yametoka huko.

KAZI YA MSITU

Mvua inyeshapo juu ya msitu haipigi ardhi kwa nguvu. Kwanza hupokewa na majani ya miti mirefu, kisha na ya miti mifupi, hata ikifika chini huangukia majani makavu yaliyooza, nayo huyanywa maji kama sifongo. Maji huzama polepole kwa njia ya mizizi, yakakaa ndani ya mlima kama akiba katika sanduku, kisha hutoka kidogo kidogo katika chemchemi. Ndiyo sababu mto huwa na maji hata katika mwezi usio na mvua: yale ni maji ya mvua ya zamani, yaliyowekwa na msitu.

Mteremko ukifyekwa, mambo hugeuka. Mvua hupiga udongo mtupu, maji hayapati nafasi ya kuzama, hukimbia juu juu na kuuchukua udongo mzuri. Mwenye shamba ndiye apataye hasara ya kwanza, maana rutuba ya miaka mingi imekwenda kwa siku moja. Mto hufurika wakati wa masika, na kiangazi hupungua. Tope hutua bwawani, likashika mahali pa maji. Tena maji yenye tope hutaka dawa nyingi zaidi ya kuyasafisha, na gharama hiyo mwishowe humfikia anunuaye ndoo. Hivyo jembe lililoshikwa vibaya mlimani hutoza kodi nyumba ya mjane mjini, wala mwenye jembe hana habari.

MAMBO YALIYOUDHURU

Zamani watu wa milima ile walipanda iliki chini ya miti mikubwa ya msitu. Iliki ilileta fedha, na kwa fedha hiyo watoto wengi walivikwa na kusomeshwa. Lakini ili iliki ipate nafasi, miti midogo ilifyekwa, na miti mikubwa ikabaki kama wazee wasio na wajukuu. Tena viwanda vya mbao vilikata miti mingi. Hata mashamba yalipochoka, watu walishuka mabondeni kando ya mto, wakapanda magimbi, miwa na mboga mpaka ukingoni, kwa kuwa huko udongo una unyevu siku zote. Tusiwahukumu upesi. Ardhi ni kidogo, watoto ni wengi, na njaa haingojei.

Kisha ikaja dhahabu. Katika miaka ya 2003 na 2004 ilivuma habari kwamba mitoni mwa Usambara ya Mashariki mna dhahabu, na watu wengi walikimbilia huko kutoka mbali. Walichimba kingo za vijito, wakayavuruga maji, na Sakale, penye vyanzo vya Zigi, ni mahali palipojulikana sana kwa jambo hilo. Wachimbaji wa dhahabu wadogo hutumia zebaki, ambayo hushikamana na chembe za dhahabu. Kisha huichoma, nayo huruka kuwa moshi wenye sumu. Ile imwagikayo mtoni haiozi. Hukaa katika tope, huingia katika samaki, na kutoka kwa samaki huingia katika mwili wa mtu, ikamdhuru hasa mtoto aliye tumboni mwa mama. Serikali iliwazuia wachimbaji, wakaondoka, kisha wengine wakarudi. Wazee wetu walisema, Tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini katika jambo hili mwenye tamaa ni mmoja, na mauti yaweza kumfikia mwingine aliye mbali.

WATU WALIOPATANA

Askari mmoja hawezi kulinda kila kijito. Hilo lilionekana mapema. Ndipo wakulima wa bonde la mto wakaunda umoja wao uitwao UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi. Si watumishi wa serikali. Ni watu wa jembe, wanaume kwa wanawake. Mamlaka ya maji ya Tanga imewasaidia, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo mto Zigi umo katika eneo lake.

Kazi za namna hii si ngumu kuzieleza. Ya kwanza ni kuziacha kingo za mto zipumzike, nyasi na miti ya asili ipate kuota tena. Ya pili ni kupanda vitalu vya miche na kuchagua mti ufaao: mkuyu na miti mingine ya asili yapenda kukaa karibu na maji na kuushika ukingo, lakini mkaratusi hunywa maji mengi, haufai kupandwa penye chemchemi. Ya tatu ni kuchimba makinga maji katika mteremko na kupanda mabingobingo juu yake, ili mvua ipungue mbio na ng'ombe wapate majani. Ya nne ni kupanda mazao ya kudumu ambayo mizizi yake hushika udongo, kama karafuu, mdalasini, na pilipili manga iliyopanda juu ya mti. Ya tano ni kufuga nyuki, kwa kuwa mwenye mzinga hataki mti ukatwe.

Faida ya umoja ni hii: mtu mmoja akiacha ukingo naye jirani yake alima mpaka majini, aliyeacha hujiona mjinga, na mwaka wa pili atarudi. Wakiacha wote kwa neno moja, kila mmoja humlinda mwenzake asichoke.

HAKI YA WA JUU NA YA WA CHINI

Hapa pana neno zito, nalo lataka moyo wa haki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu, na kazi ziwezazo kudhuru, ndani ya mita 60 tangu ukingo wa mto. Kuisoma sheria hiyo ukiwa mjini ni rahisi. Lakini mtu mwenye shamba dogo bondeni akipima mita 60, aweza kuona kwamba shamba lake lote limekwisha. Magimbi yale ndiyo chakula chake. Mboga zile ndizo karo ya mwanawe. Aambiwa apande mikarafuu mlimani. Vema, lakini mkarafuu hukawia miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Katika miaka hiyo nani atamlisha mtoto? Mtu akiambiwa, Acha, naye hakupewa cha kushika badala yake, ataacha mchana na kurudi usiku.

Basi wa chini naye ana deni. Anywaye maji hawezi kukaa kivulini na kumwamuru amtunziaye chanzo. Jambo hili lilijaribiwa katika milima ya Uluguru, ambako maji yake huingia mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Huko, kwa mpango ulioanza mwaka 2006 kwa msaada wa mashirika ya CARE na WWF, wakulima walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti, na sehemu ya malipo ilitolewa na wenye kutumia maji mjini. Hiyo si sadaka, ni ujira. Nako Tanga, mwezi wa Februari 2024, mamlaka ya maji ilianza kukopa kwa watu kwa njia ya hati fungani, shilingi bilioni 53.12, ili kuongeza mitambo na mabomba. Ni kazi kubwa na njema. Lakini bomba halizai maji. Hupeleka tu yale ambayo mlima umeyatoa. Kwa hiyo kila fedha ipelekwayo katika bomba na ikumbuke njia ya kupanda mlimani, kwa mkono uliopanda mche.

NENO LA MUNGU KATIKA JAMBO HILI

Nabii Ezekieli, katika mlango wa 34, aliwakemea kondoo wanono ambao, wakiisha kunywa maji safi, waliyachafua yaliyobaki kwa miguu yao, na kondoo wanyonge wakalazimika kunywa matope. Angalieni: kondoo wale hawakuhukumiwa kwa kunywa. Kiu si dhambi. Walihukumiwa kwa kutomfikiri ajaye nyuma. Tena mwanasheria alipomwuliza Bwana wetu jirani yake ni nani, alijibiwa kwa habari ya watu waliokutana njiani pasipo kujuana. Mto nao ni njia. Aliye chini yako katika mkondo ni jirani yako, ijapokuwa hujui jina lake wala dini yake. Na aliye juu yako ni jirani yako pia, hata ukimwona kuwa mtu wa shamba tu.

KAZI YA NYUMBA NA YA SHULE

Walimu na wenye nyumba, twawaomba mfanye mambo machache haya.

1. Waulizeni watoto maji ya nyumba yenu yatoka chanzo gani, kisha siku moja wapelekeni wakakione.

2. Msifue nguo wala kuosha vyombo vya dawa ya shamba ndani ya mto. Chukueni maji kwa ndoo, mkafulie mbali na ukingo.

3. Ng'ombe wanyweshwe mahali pamoja palipotengwa, wasikanyage kingo zote. Atiaye sumu mtoni ili apate samaki asifichwe, hata akiwa ndugu.

4. Kila shule iwe na kitalu, na kila mtoto awe na miche yake ya kutunza kiangazi chote, maana kupanda ni kazi ya saa moja, na kumwagilia ni kazi ya mwaka.

5. Wazee wa kanisa wakikaa barazani, waulize pia: katika kijiji chetu ni nani aliyeacha ukingo wa mto kwa ajili yetu, na watoto wake wanakula nini?

Swali hilo la mwisho lisipitwe upesi. Pengine jibu lake ni debe la mahindi, au siku moja ya kumsaidia kuchimba makinga maji. Wala asingojewe mtu mkubwa aje kutoka mbali kulianza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa mto huzibwa na wengi, kila mmoja mbele ya shamba lake.

Mungu, aliyeitenga nchi na maji tangu mwanzo, awape nguvu wale walio mlimani, na shukrani wale walio mjini. Amina.