Theluji Isiyoonekana kwa Macho Yaliyofumbwa

Mpagazi aliyezoea kupandisha wageni kutoka Nyakalengija, jirani na Bugoye, hasubiri mawingu yafunguke ndipo akuoneshe kilele cha Margherita kiko upande gani. Ananyoosha kidole tu. Milima ya Rwenzori hushinda imejifunika, lakini kilele hicho cha mita 5,109 hakihami.

Usiku, kambini Nyabitaba, waambie wapagazi wawili wanaoota moto wafumbe macho waione theluji ya kileleni. Mmoja huenda ikamjia nyeupe, ukungu ukiipitia. Mwenzake asione chochote, giza tupu. Na keshokutwa wote wawili wakavuka kinamasi cha Bigo bila kupotea.

Huyo wa pili si msahaulifu. Hali yake inaitwa afantasia, jina lililotolewa mwaka 2015 na Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, pamoja na wenzake. Inakadiriwa kuwa katika kila watu 100, mmoja hadi wanne wako hivyo. Wengi hukaa miaka wasijue. Mwaka 1880 Francis Galton aliwaomba watu waikumbuke meza waliyokunywea chai asubuhi, akakuta waliodhani kwamba kuona kwa akili ni msemo tu. Nasi tuna msemo wetu: “Sura yake iko machoni pangu.” Asiyeiona sura hiyo hudhani wenzake wanapamba maneno.

Hawapambi, na mboni ya jicho ni shahidi. Mboni husinyaa mbele ya mwanga. Watafiti wa Australia walionesha mwaka 2022 kwamba kwa watu wengi husinyaa hata wanapowazia tu umbo lenye kung'aa. Kwa wenye afantasia, mwanga wa kweli huisinyaza kama kawaida. Wa kuwazia hauigusi. Na bado wengi wao huota ndoto zenye picha, maana yake ubongo unaweza kuzichora, ila hauzileti ukiagizwa.

Katika jaribio jingine, watu walioneshwa picha za vyumba, kisha wakavichora kwa kumbukumbu. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi, lakini waliviweka mahali pake, na waliongeza visivyokuwapo mara chache kuliko wenzao. Ndiyo maana simwonei shaka yule mpagazi wa pili.

Ninayemhurumia ni mfiwa. Matangani, Bwera au popote, ndugu wanasema, “Namwona baba kama amesimama hapa,” naye anafumba macho, haoni, anaanza kujiuliza kama alimpenda vya kutosha. Mtu asimhukumu, na yeye asijihukumu. Mpelekeni shambani kwenye kahawa. Atawaonesha mstari ambao mzee alianzia kuchuma, shina alilokataa kulikata, na jiwe alilokalia jua lilipokuwa kali.