Viatu vya Mbio Vilivyochoka Bado Vina Kazi

Na Bwana Shamba Wenu

Ndugu msomaji, siku ya mnada ukipita penye mitumba utaona viatu vya mbio vimepangwa juu ya turubai. Soli zake ni nene na rangi zake ni nyingi. Je, umewahi kujiuliza vilitoka wapi? Kila kiatu kile kilikuwa na mwenyewe. Vingi vilivaliwa nchi za mbali, kama Marekani na Ulaya, na watu wanaokimbia kwa ajili ya afya au mashindano.

Leo tuzungumze habari za maduka yanayouza viatu hivyo huko Marekani. Tuone jinsi yanavyoweza kukusanya viatu vya zamani ili vivaliwe tena. Utaniuliza, "Bwana Shamba, mambo hayo yananihusu nini mimi mkulima?" Yanakuhusu. Kiatu kikikusanywa vizuri huko, kitamfaa mtoto huku. Kikikusanywa vibaya, tutaletewa taka. Tena kazi hiyo hiyo tunaweza kuifanya wenyewe hapa kijijini.

MAGUNIA MAWILI

Miaka kadhaa iliyopita, katika kata moja niliyofanya kazi, tuliletewa msaada wa magunia mawili ya viatu. Vilikuwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi. Watoto walipanga mstari tangu asubuhi.

Tulipofungua magunia, harufu ya uvundo ilitoka. Viatu vilikuwa vimefungwa vikiwa na maji, vikaota ukungu njiani. Vingine vilikuwa vya kike vyenye visigino virefu. Vingi havikuwa na mwenzake. Cha kushoto kipo, cha kulia hakipo. Tulitafuta jozi mpaka adhuhuri, tukapata 11 tu.

Mtoto mmoja aliomba apewe kiatu kimoja cha kulia. Alisema kinamtosha, kwa sababu mguu wa kulia ndio uliokuwa na funza. Tulimpa. Jambo lile sijalisahau. Aliyetuma magunia alikuwa na nia njema. Lakini nia njema bila utaratibu haikuwavika watoto wale viatu.

KIATU NI KINGA

Wako watu wanaosema, "Babu yangu alitembea peku maisha yake yote." Wengine husema hata Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio ndefu za Olimpiki mjini Roma, mwaka 1960, bila viatu. Ni kweli. Lakini Bikila huyo huyo alishinda tena mjini Tokyo mwaka 1964, na safari hiyo alivaa viatu. Tena yeye alikimbia barabarani, si kwenye udongo wenye minyoo ya safura.

Minyoo ya safura huingiaje mwilini? Mtu akijisaidia porini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Huanguliwa katika udongo wenye unyevu. Minyoo wachanga hupenya ngozi ya mguu ulio peku. Husafiri katika damu mpaka kwenye mapafu, hupanda kooni, kisha humezwa. Mwisho hukaa katika utumbo na kunyonya damu. Mtoto huyo hupungukiwa damu. Huchoka upesi na husinzia darasani.

Kuna funza pia. Na jeraha la mguu linaweza kuingiza pepopunda. Kwa hiyo choo ni kinga, na kiatu nacho ni kinga. Tusiache kimoja kwa sababu tuna kingine.

KWA NINI DUKA LA VIATU VYA MBIO?

Ndani ya soli ya kiatu cha mbio mna sponji. Kazi yake ni kupunguza kishindo mguu unapogonga chini. Baada ya kilomita 500 hadi 800 hivi, sponji hiyo hubonyea na kupoteza nguvu. Hapo mkimbiaji hununua viatu vipya.

Tupige hesabu. Mtu akikimbia kilomita 40 kwa wiki, atamaliza kilomita 800 kwa wiki 20. Hiyo haifiki miezi mitano. Kwa mwaka mmoja atatumia zaidi ya jozi mbili. Lakini mara nyingi kitambaa cha juu bado ni kizima, na soli ya chini haijaisha. Kiatu kimechoka kwa mbio, hakijachoka kwa kutembea.

Mkimbiaji huyo anapokwenda dukani, mara nyingi huvaa au hubeba viatu vyake vya zamani. Mwuzaji humpima mguu na kumjaribisha vipya. Huo ndio wakati wa kumwambia, "Vya zamani tuachie hapa." Baadhi ya maduka humpunguzia bei kidogo anayeacha viatu vyake.

Katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wakimbiaji walianza kukusanya viatu mwaka 1986. Huvisafisha na kuvipeleka nchi nyingine, zikiwemo za Afrika. Boulder ni mji wa milimani kama Iringa. Kimo chake ni karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari.

UTARATIBU WA KUKUSANYA

Duka linalotaka kufanya kazi hii vizuri lifuate hatua hizi:

1. Litafute mpokeaji kwanza. Kabla ya kuweka sanduku, lijue ni nani atapokea viatu, anahitaji vya ukubwa gani, na nani atalipa nauli ya mzigo. Habari za ushuru na vibali ziulizwe mapema. Duka lisilofanya hivyo litajaza stoo yake bure.

2. Liweke sanduku mahali panapoonekana. Sanduku lipitishe hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa huotesha ukungu. Juu yake liandike kwa herufi kubwa: "Viatu vikavu, jozi kamili, visivyotoboka."

3. Lifunge jozi pale pale. Kamba za kushoto na kulia zifungwe pamoja mteja akiwa bado yupo. Kazi hii ni ya dakika moja. Ingefanywa kwenye magunia yale mawili, watoto wengi wangevaa.

4. Viatu visafishwe. Kamba na tandiko la ndani vitolewe na kuoshwa peke yake. Kiatu kipigwe brashi kwa sabuni na maji yasiyo ya moto. Kikaushwe kivulini penye upepo, kimejazwa karatasi. Kisianikwe karibu na moto, kwa sababu gundi ya soli itaachia.

5. Viatu vigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vizima vya kuvaliwa. Fungu la pili ni vinavyohitaji fundi. Fungu la tatu ni vilivyokwisha kabisa. Hivi vya mwisho visipelekwe kwa mtu. Huko Marekani, kampuni ya Nike ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kusaga viatu vilivyokwisha. Mpira, sponji na kitambaa chake hutumika kutengeneza viwanja vya michezo.

6. Mwenye duka ahesabu na kuandika. Jozi ngapi, ukubwa gani, zimekwenda wapi. Waliotoa viatu wabandikiwe hesabu hiyo dukani.

Viatu vya misumari viwekwe peke yake. Hivyo ni vya mwanariadha wa uwanjani, si vya kwendea shule.

HAPA KWETU

Kutumia kitu mara ya pili si jambo geni kwetu. Tairi la gari likichakaa, fundi hulikata akatengeneza katambuga. Basi tufanyeje na viatu?

Watoto hukua upesi. Kiatu kinambana mtoto wa Darasa la Tatu kabla hakijachakaa. Mwenye duka kijijini, au Mwalimu Mkuu, anaweza kuweka sanduku na kufuata hatua zile zile. Fundi viatu wa kijiji ashone vilivyoachia, naye alipwe haki yake.

Na kijiji kikiambiwa kwamba msaada wa viatu unakuja, kisikae kimya. Kipeleke orodha ya vipimo. Mtoto asimame peku juu ya karatasi. Chora ukingo wa mguu wake, kisha pima kwa rula kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Sasa tazama chini ya ulimi wa kiatu cha mbio. Mara nyingi kuna kitambulisho chenye namba kadhaa. Tafuta namba iliyo karibu na herufi CM. Hizo ni sentimita. Mguu wa sentimita 22 utafute kiatu cha 22 au zaidi kidogo. Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kuwasaidia jirani zako siku ya mnada kwa namba hiyo moja.

Kiatu cha mtumba kioshwe na kukaushwa kabla ya kuvaliwa, ili kupunguza hatari ya fangasi.

Ndugu msomaji, mwenye kutoa atoe kitu ambacho mtoto wake mwenyewe angeweza kukivaa. Na mwenye kupokea asione haya kusema, "Tunahitaji jozi 40, vikavu, vya ukubwa huu." Kusema hivyo si kukosa shukrani. Ni kusaidia msaada ufike miguuni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Watoto wangapi katika shule yenu huja peku? Nani amewahesabu?
2. Katika kijiji chenu, sanduku la viatu liwekwe wapi, na nani alitunze?
3. Kwa nini kiatu peke yake hakitoshi kuzuia safura?