Maganda ya jikoni, udongo wa bustani ya wote

Sisi wa Goma tunajua: lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 iliacha mawe meusi katikati ya mji. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya mawe na kupotea. Mti mdogo ukipandwa pale bila udongo mzuri, hukauka upesi, na watoto wetu hukosa kivuli.

Dawa iko jikoni. Maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga na majani makavu huoza na kuwa mbolea. Panga tabaka la vitu vibichi, juu yake vikavu, nyunyizia maji kidogo, kisha funika kwa majani ya migomba. Geuza rundo kila baada ya juma mbili. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi na kunukia kama udongo wa porini. Likiwa bado na joto ndani, ngoja, litaunguza mizizi. Plastiki, vioo na betri zisiingie kamwe, kwani watoto huchezea pale.

Tuanze juma hili: kila nyumba itenge ndoo moja ya maganda. Lava ilifunika udongo kwa siku moja; sisi tutaurudisha ndoo moja moja.