Kiti Kitupu Ndicho Ghali: Hesabu ya Safari ya Hifadhini kwa Watu wa Shinyanga na Geita

WAFANYABIASHARA wa Shinyanga, Kahama na Geita huhesabu kila kitu: gunia la mpunga, gramu ya dhahabu, lita ya dizeli. Kitu kimoja ambacho wengi wao hawajakikalia chini na kukipigia hesabu ni safari ya kutembelea hifadhi za taifa zilizowazunguka. Imezoeleka kusema kwamba hiyo ni starehe ya wageni wenye dola. Ukweli ni kwamba kinachoifanya safari hiyo kuwa ghali si hifadhi, bali ni gari kuondoka na viti vitupu.

Marekani familia au kundi la marafiki hukodi gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wakazunguka hifadhi moja hadi nyingine kwa wiki nzima bila kulipa hoteli. Katika Kanda ya Ziwa gari la namna hiyo ni nadra, na barabara za ndani ya hifadhi si rafiki kwake. Linaloweza kufanya kazi yake ni Land Cruiser ndefu yenye hema la kukunja juu ya paa, mahema mengine mawili ya kutandika chini, jiko la gesi na dumu la maji. Shabaha ni ileile: kulala, kupika na kusafiri pamoja ili gharama igawanywe.

Barabara zimefupisha ramani

Kwa miaka mingi mtu wa Shinyanga aliyetaka kuiona Serengeti alilazimika kupitia Mwanza kwanza. Siku hizi lami inaanzia Mwigumbi, kwenye barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza, inapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi, umbali wa kilomita 171.8. Lamadi ni jirani na lango la Ndabaka, ambalo liko kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma na ndilo mlango wa magharibi wa Serengeti. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa pamba wa Maswa yuko karibu zaidi na nyumbu kuliko mkazi wa Arusha, mji ambao umekula matunda ya utalii kwa miongo kadhaa.

Upande wa pili, daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita tatu lilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Kabla ya hapo msafiri wa Mwanza kwenda Geita alisubiri kivuko, na kuvuka kwenyewe kulichukua zaidi ya nusu saa. Sasa gari huvuka kwa dakika chache, usiku na mchana. Kuanzia hapo barabara ya lami inaendelea Sengerema, Geita na Chato, kisha msafiri anaweza kurudi kwa njia ya Biharamulo, Lusahunga, Ushirombo na Kahama. Mzunguko umefungwa, na mtu harudi kwa njia aliyoendea.

Hesabu ya watu sita

Chukua mfano wa marafiki sita wa Kahama: wawili wana duka la vipuri, mmoja hununua mpunga, mmoja ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na wawili ni walimu. Wanataka kuzunguka kwa siku saba. Mzunguko wote, pamoja na mizunguko ya ndani ya hifadhi, ukadiriwe kuwa kilomita 1,300. Gari likila lita 14 kwa kila kilomita 100, dizeli itakuwa lita 182. Kwa kukadiria bei ya shilingi 3,000 kwa lita, mafuta ni shilingi 546,000. Bei hiyo ihakikiwe kabla ya safari, kwani EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza.

Chukulia pia kwamba wamepatana kukodi gari pamoja na dereva kwa shilingi 250,000 kwa siku. Siku saba ni shilingi 1,750,000. Ukijumlisha na mafuta, gharama ya gari ni shilingi 2,296,000.

Hapo ndipo somo lilipo. Wakiwa sita, kila mmoja atatoa takribani shilingi 383,000. Wakiwa watatu, kila mmoja atatoa takribani 765,000. Wakiwa wawili tu, kila mmoja atatoa 1,148,000. Gari ni lilelile, dizeli ni ileile, na nyumbu ni walewale. Rafiki mmoja anayejitoa dakika ya mwisho huwaongezea waliobaki takribani shilingi 77,000 kila mmoja. Kwa sababu hiyo, kundi lenye busara hukusanya fedha kabla, na anayejitoa baada ya gari kulipiwa harudishiwi mpaka apatikane wa kujaza kiti chake.

Gharama nyingine zinamfuata mtu mmoja mmoja na hazipungui kwa wingi wa watu: kiingilio, ada ya kupiga kambi na chakula. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio kwa shilingi, na kwa kiwango cha chini mno kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Gari nalo hulipiwa kulingana na uzito wake. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si kwa fedha taslimu langoni, hivyo anayefika na bulungutu la noti bila kujiandaa hupoteza nusu siku.

Kwa wanachama wa vikoba hesabu hii si ngeni. Anayeweka shilingi 12,000 kila wiki atakuwa na shilingi 624,000 baada ya mwaka. Akitoa sehemu yake ya gari katika kundi la watu sita, anabakiwa na takribani shilingi 241,000 za viingilio, chakula na dharura.

Kinachoonekana njiani

Mwezi unaofaa zaidi ni Juni. Masika yamekwisha, shule huwa likizo, na fedha za pamba zimeanza kuzunguka Simiyu. Aidha, kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu hupita upande wa magharibi wa Serengeti kuelekea kaskazini, wakivuka mto Grumeti wenye mamba wakubwa. Msafiri asiende huko wakati wa mvua kubwa kwa kutegemea bahati. Udongo mweusi wa Ndabaka ni uleule wa mashamba ya pamba, na kila dereva wa Shinyanga anajua unavyoshika tairi.

Safari yenyewe inaanza kabla ya lango. Kati ya Shinyanga na Maswa msafiri huona mibuyu, mawe makubwa na ngitili, yaani malisho yanayotunzwa na wenyeji kwa ajili ya kiangazi. Eneo hili lilikuwa likielekea kuwa jangwa, hadi serikali ikaanzisha mpango wa hifadhi ya ardhi wa HASHI mwaka 1986 na kurudi kwenye utaratibu huo wa asili wa Wasukuma. Jirani na hapo, Mwadui, ndipo mwanajiolojia wa Canada, Dk. John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940.

Mwanza kuna Saanane, hifadhi ya kisiwa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, iliyoanza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kabla ya kuingia mjini, Bujora pana makumbusho ya Wasukuma, na Juni ndio mwezi wa ngoma za Bulabo, ambapo wachezaji hucheza na chatu hadharani.

Geita ndio lango la Rubondo, hifadhi ya kisiwa tangu mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya waliletwa na kuachiwa huru huko, na kizazi chao kinaishi msituni hadi leo. Gari haliendi Rubondo. Linabaki ufukweni na kundi linapanda boti. Hapa kuna mtego kwa asiye makini, kwani boti nayo ni gharama isiyopungua kwa uchache wa watu, na wakati huohuo gari lililoegeshwa linaendelea kulipiwa. Mwenye kupatana vizuri huomba punguzo la siku hiyo kabla ya kutia saini.

Mwisho wa mzunguko ni Burigi-Chato, hifadhi yenye kilomita za mraba 4,707, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Watu wazima wa kanda hii wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalipita misitu hiyo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Leo familia inaweza kukaa kando ya ziwa Burigi ikitazama viboko. Wageni bado ni wachache na huduma ni chache, hivyo kundi libebe chakula, maji na mafuta ya akiba. Mbung'o nao ni wengi; wanavutwa na nguo nyeusi na za buluu, kwa hiyo rangi ya udongo ndiyo inayofaa.

Fedha inakodondokea

Msafiri wa ndege huacha fedha yake mahali pawili: kwenye ndege na hotelini. Kundi linalosafiri kwa gari na kujipikia huiacha kila kituo. Maswa litanunua michembe na matobolwa, Lamadi na Busisi litanunua sato, Geita mananasi, Biharamulo asali, na Kahama mchele wa kurudi nao nyumbani. Halikadhalika fundi wa pancha, muuza mkaa na mwenye bafu la kulipia hupata chao.

Hata hivyo, si kila barabara nzuri huleta neema kwa kila mtu. Foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilikuwa soko lisilo na kuta. Abiria aliyekwama saa nzima alikula samaki, alikunywa soda na kununua vocha. Daraja limemwokolea msafiri muda wake, na muda huo ndio uliokuwa mtaji wa mama lishe. Mteja aliyekuwa analazimika kusimama sasa lazima avutwe: choo safi, maegesho yenye kivuli, samaki wa kukaanga aliye tayari. Mwenye kulielewa hilo mapema atauza. Anayeusubiri msongamano urudi atasubiri sana.

Je, ununue gari?

Swali hili huulizwa na wenye mitaji midogo. Jibu la hesabu ni: usianze na gari. Gari la hifadhini likipata wateja kwa siku 60 katika mwaka, siku 305 linakaa uani huku bima na matairi vikiendelea kudai. Zaidi ya hayo, kupeleka watalii kwa malipo ni biashara inayohitaji leseni ya utalii, maarufu kwa jina la TALA. Kundi la marafiki katika gari la mmoja wao ni jambo tofauti na mtu anayetangaza nauli.

Njia nyepesi ni kukodisha vifaa: mahema, magodoro membamba, majiko ya gesi, madumu na taa. Mtaji wake ni mdogo, havili mafuta, na majiko na masufuria yakikosa safari yanakodishwa harusini. Njia nyingine ni uwanja wa kupiga kambi nje ya hifadhi, karibu na Lamadi au Chato, wenye uzio, maji na mlinzi. Mwenye kiwanja tayari anaweza kuanza kwa fedha za mavuno mawili.

Jambo hili lina uzito kuliko starehe. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na ulifungwa mwaka 2021. Biashara zilizoegemea geti lake moja zilijifunza kwa uchungu kwamba shimo la dhahabu lina mwisho. Geita imekuwa ikichimba kwa kiwango kikubwa tangu mwaka 2000, na siku moja nayo itafika hapo. Nyumbu wa Grumeti na sokwe wa Rubondo, wakitunzwa, hawachimbwi wakaisha. Lakini hawatawafaidia watu wa kanda hii iwapo wenyeji wenyewe hawawajui, hawawatembelei na hawawauzii wanaowatembelea.

Kwa wanaotaka kwenda Juni ijayo, ushauri ni mfupi: tafuta watano wa kuaminika, fungueni mfuko sasa, na hakikisheni hakuna kiti kinachoondoka kitupu. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa safari hii, hujaza pia tangi la dizeli.