Mama Kayai na Kiswahili cha Nyanza Kusini

Mwanamke wa Kiluo aliyejulikana kuliko wote kwenye televisheni ya Kenya hakuwa Mluo. Mary Khavere, ambaye nchi nzima inamwita Mama Kayai, ni Mluhya, na mumewe wa kwenye mchezo, Mzee Ojwang, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Kwa miaka mingi katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi wawili hao waligombana na kupatana kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kando ya Ziwa Victoria, na watazamaji wengi hawakushuku kitu. Nadhani Mama Kayai aliwatendea watu wa Homa Bay na Migori jambo ambalo shule ilishindwa kuwatendea: aliwaonyesha kwamba mtu anaweza kusema Kiswahili kwa ulimi wa kwao na bado akasikilizwa kama mtu mwenye akili zake timamu.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, lazima tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika miaka ya 1980 eneo lote lilikuwa Nyanza Kusini. Kaunti za Homa Bay na Migori zilikuja na katiba ya 2010. Upande wa Migori Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, kwani bila hicho Mluo, Mkuria na Mkisii wangesikilizanaje kwenye mashamba ya miwa ya Awendo, au sokoni Isebania ambako bidhaa huvuka mpaka kwenda Sirari? Ila Ndhiwa, Mbita na Kendu Bay Dholuo kilitosha tangu alfajiri hadi usiku. Hata Wasuba wa Rusinga na Mfangano walikuwa wamekipokea. Huko Kiswahili kiliingia zaidi kwa mlango wa darasa, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kikawa somo la kutahiniwa. Dholuo hakina sauti za sh, z wala v. Mtoto aliyesimama kusoma akatamka “samba” badala ya shamba, au “kasi” badala ya kazi, alijua kicheko kinamsubiri. Na televisheni ilikuwa kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, iliyorudia jina la KBC mwaka 1989, hadi KTN ilipoanza 1990. Runinga ndogo ya Great Wall, isiyo na rangi, iliwashwa kwa betri ya gari iliyobebwa kupelekwa sokoni kuchajiwa, na majirani wakajazana sebuleni. Kilichosemwa pale hakikuwa na mshindani.

Sasa mtazame Mama Kayai kazini: kilemba kichwani, kitenge, na mdomo usiokopesha. Ojwang anakuja na mipango yake ya ujanja, mkewe anamsikiliza, kisha anamjibu na mipango yote inaporomoka. Lafudhi ni ileile anapofoka na anapotoa shauri la busara. Hapo ndipo ilipo sanaa yake. Mchekeshaji wa kawaida hutumia lafudhi kama kibwagizo, huiweka mbele ili watu wacheke, kisha huiacha inapofika zamu ya maneno mazito. Yeye hakuiacha. Mtazamaji alizoea kuisikia ikibeba hoja na huruma, na kicheko kikamwangukia mume mwenye tamaa badala ya ulimi wa mke.

Wapo watakaosema kwamba kuigiza lafudhi ya watu wengine ni kuwadhihaki, na kwamba nafasi ile ilimstahili mwigizaji wa Kiluo. Hoja hiyo si nyepesi. Huko Marekani, kabla ya mchezo wa televisheni wa I Love Lucy kuanza mwaka 1951, wakuu wa kituo cha CBS walisita kumkubali Desi Arnaz aigize mume wa Lucille Ball kwa sababu ya lafudhi yake ya Kikuba. Ball akashikilia, na mchezo ukatamba hadi 1957. Lakini Arnaz alikuwa Mkuba kweli, na lafudhi ile ilikuwa yake. Kwetu wenye lafudhi walibaki sebuleni wakitazama, na nakubali kwamba hiyo ni hasara. Nisichokubali ni kwamba uigizaji wa Khavere ulikuwa dhihaka. Dhihaka haihitaji subira. Sauti mbili tatu zilizopotoshwa zinatosha. Kukaa na mhusika mmoja kwa miaka na miaka, ukajifunza anavyonyamaza, anavyomkasirikia mumewe na anavyompokea mgeni, ni kazi ya mtu anayemheshimu anayemwigiza.

Walimu wa lugha nao wana malalamiko yao: kwamba Vitimbi iliharibu Kiswahili na kuwazoesha watoto matamshi mabovu. Sioni ushahidi wake. Mtoto wa Oyugis hakujifunza “samba” kutoka kwa Mama Kayai. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Alichokipata kwenye runinga ni ruhusa ya kuendelea kusema, na anayeendelea kusema ndiye anayeweza kusahihishwa. Charles Bukeko naye alipokuja kuvuma kama Papa Shirandula kwenye televisheni ya Citizen, akisema Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kiluhya, hakuna aliyeshangaa. Kufikia hapo masikio ya Wakenya yalikuwa yamekwisha kuzoeshwa, na katika waliowazoesha, Mluhya mmoja mwanamke alikuwa ametumia lafudhi ya Waluo.